Kutoka Matundu 12 Hadi 300: Historia Fupi ya Printa ya Wino, na Kwa Nini Inatuhusu Kitengela

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu na intaneti, tuzungumzie kifaa ambacho wengi wetu tunakilaani kuliko tunavyokielewa: printa ya wino. Sisemi ile ya leza inayotumia unga. Nasema ile inayorusha matone.

Sababu ya kuandika ni hii. Hapa Kitengela ninapoishi, na ukiifuata barabara ya Namanga kupitia Isinya mpaka Kajiado mjini, kuna saiba karibu kila kituo cha matatu. Tangu huduma za serikali zihamie eCitizen mwaka 2014, na tangu mtaala wa CBC uanze nchi nzima mwaka 2019 na kuwafanya wazazi watafute picha za rangi za kazi ya nyumbani saa mbili usiku, printa ndiyo inayomlipia kodi mwenye saiba. Na roho ya printa hiyo ni kibamba kidogo kama ukucha, chenye matundu usiyoweza kuyaona kwa macho. Yakiziba, biashara inasimama. Mpangilio wa matundu hayo haukutoka mbinguni. Una historia, na historia yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini printa moja hufufuka ikifutwa na kitambaa na nyingine hufa kabisa.

Tuanze mbali. Mwaka 1867 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chombo cha kuandikia ishara za telegrafu ya baharini. Tatizo lake lilikuwa hili: umeme uliosafiri maelfu ya kilomita ndani ya kebo ulifika ukiwa dhaifu mno, hauwezi kusukuma kalamu inayokwaruza karatasi. Thomson akatumia kijibomba cha kioo chembamba sana kisichogusa karatasi. Wino ulitiwa chaji ya umeme, ukaruka wenyewe kutoka kwenye kijibomba hadi kwenye utepe wa karatasi uliokuwa ukipita. Chombo cha aina hiyo kikawa cha kawaida kwenye kebo ndefu za baharini. Kebo yenyewe ilifika Zanzibar mwaka 1879 ikitoka Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Kwa hiyo wazo la kuandika kwa wino unaoruka hewani ni la zamani kuliko reli yetu, iliyofika Nairobi mwaka 1899.

Miaka hiyo hiyo ya 1870 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwa hesabu jambo ambalo kila mtu amewahi kuliona. Fungulia mfereji kidogo sana. Maji yanaanza kama uzi mmoja laini, kisha huko chini yanakatika kuwa matone. Uso wa maji hujivuta kama ngozi, na ngozi hiyo hupendelea umbo la duara kuliko umbo la uzi. Rayleigh alionyesha ni mtikisiko gani unaoharakisha mkatiko huo. Kumbuka jambo hilo, maana kiwanda kizima kilijengwa juu yake.

Mwaka 1951 daktari na mhandisi wa Uswidi, Rune Elmqvist, alipewa hataza ya Marekani ya kifaa kilichochora mapigo ya moyo kwa mchirizi wa wino. Ni Elmqvist huyu huyu aliyetengeneza kifaa cha kuusaidia moyo kupiga kilichopandikizwa ndani ya mwili wa mtu kwa mara ya kwanza, mwaka 1958. Kifaa chake cha wino kilichora mstari tu. Hakikuweza kuchagua tone hili lidondoke na lile lisidondoke.

Aliyeweza ni Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitikisa tundu la wino kwa mtetemo wa kasi maalumu, mchirizi ukakatika kuwa matone ya ukubwa mmoja na nafasi sawa, kama Rayleigh alivyosema. Kila tone lilipokatika alilitia chaji ya umeme au akaliacha bila chaji. Halafu matone yote yakapita kati ya vibamba viwili vyenye umeme: lenye chaji linapinda, lisilo na chaji linaenda moja kwa moja. Tundu moja tu, lakini unaamua hatima ya kila tone.

Teknolojia hiyo haijafa. Chukua pakiti ya maziwa au chupa ya soda uangalie tarehe ya mwisho ya kutumiwa. Ukiona maandishi ya nukta nukta, yaliyoinama kidogo kana kwamba yalikuwa yakikimbia, mara nyingi ni kazi ya mashine ya ukoo wa Sweet. Chupa inapita kwenye ukanda wa kiwanda bila kusimama, wino unaipiga ikiwa njiani, na matone yasiyohitajika yanaangukia kwenye mfereji mdogo na kurudi kwenye tangi.

Lakini mashine yenye pampu, vichujio na mfereji wa kurudisha wino haifai mezani. IBM walijaribu mwaka 1976 na mashine yao ya ofisini, modeli 6640, ila ilikuwa kubwa na ya gharama. Swali likawa: badala ya kumwaga matone yote na kuyachuja, kwa nini usitoe tone pale tu linapohitajika?

Majibu yalikuja mawili, na hapa ndipo njia zinapogawanyika.

Jibu la kwanza ni piezo. Kuna fuwele na vigae ambavyo ukivipa umeme hubadilika umbo kidogo. Kiweke kigae hicho kwenye ukuta wa chumba kidogo chenye wino, kipe umeme, ukuta unaminya na tone linatoka. Siemens wa Ujerumani waliuza printa ya namna hii mwaka 1977, PT-80, yenye matundu 12.

Jibu la pili ni moto. Mwaka huo huo wa 1977, katika maabara ya Canon huko Japani, mtafiti Ichiro Endo aliona kilichotokea ncha ya chuma cha kulehemu ilipogusa sindano ya bomba lenye wino: wino ulichupa. Muda mfupi baadaye, Marekani, John Vaught na Dave Donald wa Hewlett-Packard walifikia wazo lile lile bila habari za Canon. Vaught aliwaza juu ya chombo cha kuchemshia kahawa, jinsi kinavyorusha maji juu kwa nguvu ya kuchemka. Sisi hatuhitaji chombo cha kahawa. Yeyote aliyewahi kusonga ugali anajua jinsi maji ya unga yanavyotokota na kukurukia mkononi. Kampuni hizo mbili baadaye zilikubaliana kutumia hataza za kila mmoja.

Ndani ya tundu mambo yanakwenda hivi. Chini ya wino kuna rezista ndogo kuliko chembe ya chumvi. Inapewa umeme kwa muda wa sehemu mbili au tatu za milioni ya sekunde. Tabaka jembamba la wino linaloigusa linapanda joto na kupita nyuzi 300 za Selsiasi, linageuka mvuke mara moja, na povu linasukuma wino wa juu utoke. Umeme unakatika, povu linaporomoka, wino mpya unavutwa kujaza nafasi. Kisha tena, maelfu ya mara kwa sekunde.

HP walitoa ThinkJet mwaka 1984 kwa dola 495. Matundu 12, nukta 96 kwa kila inchi. Piga hesabu: 12 gawanya kwa 96 ni moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3 na kidogo. Kila kichwa kilipovuka karatasi kiliacha utepe wa upana huo, karatasi ikasogea, kikavuka tena.

Uamuzi uliobaki nasi hadi leo ulifanyika hapo. Povu linapoporomoka linaigonga rezista kama nyundo ndogo, na rezista inachakaa. Badala ya kuhangaika kutengeneza kichwa cha kudumu miaka kumi, wahandisi wakakiweka kichwa kizima ndani ya katriji. Wino ukiisha unatupa wino, rezista, matundu, kila kitu. Mteja kila akinunua katriji ananunua kichwa kipya.

Mwaka 1988 ikaja DeskJet: matundu 50, nukta 300 kwa inchi, na karatasi ya kawaida. Sasa nafasi ikawa finyu. Moja ya 300 ya inchi ni milimita 0.085. Katika nafasi hiyo huwezi kuweka rezista, ukuta wa chumba chake na njia ya wino, halafu jirani yake afuate mara moja. Suluhisho ni lile analolijua mkulima anayepanda kwa kupishanisha. Matundu yakapangwa safu mbili, 25 kila upande. Katika kila safu yameachana kwa moja ya 150 ya inchi, lakini safu ya pili imeshuka nusu ya nafasi hiyo, hivyo tundu la kulia linaangukia katikati ya mawili ya kushoto. Ukiziunganisha safu unapata nukta 300 kwa inchi.

Kwa sisi watu wa programu, hapa ndipo kunanoga. Kwenye picha, nukta zilizo kwenye mstari mmoja wa wima zina anwani moja ya mlalo. Kwenye kichwa, nusu yake iko safu ya kushoto na nusu safu ya kulia, na kichwa kinakimbia. Lazima safu moja ipige sasa na nyingine isubiri mpaka ifike mahali pale pale. Mstari ulionyooka kwenye karatasi umetokana na milio miwili ya nyakati tofauti. Muda ukikosewa kidogo, herufi "l" inakuwa na meno kama msumeno. Ndiyo maana printa hukuomba uilinganishe.

Kisha ukaja mwaka 1995 na katriji namba 45 ya HP: matundu 300, nukta 600 kwa inchi, utepe wa nusu inchi. Kila tundu likipewa waya wake, unahitaji nyaya 300 kwenye kigari kinachokwenda huku na huko. Haiwezekani. Wakatumia ujanja uleule wa kibodi ya kompyuta yako, ambayo haina waya kwa kila herufi bali gridi ya mistari na safu. Matundu yakagawanywa makundi 14, na ndani ya kila kundi yakapewa anwani zisizozidi 22. Mara 14 ni 308, inatosha matundu 300 na nyingine zinabaki. Nyaya 36 za kuamuru, pamoja na za kurudishia umeme na kazi nyingine ndogo, zikafanya kazi ya 300.

Matokeo yake ni kwamba katika kundi moja, wakati wowote ule, ni tundu moja tu linalopiga. Kwa hiyo hata ukiprinti ukurasa mweusi kabisa, matundu yanayopiga kwa dakika hiyo hiyo hayazidi 14. Hiyo ni faida pia: umeme hauhitajiki wote kwa mpigo, na jirani hatikisi wino wa jirani. Ila kichwa kinasogea wakati anwani zinahesabiwa, kwa hiyo mstari ungeinama. Wahandisi wakayasogeza matundu kidogo kidogo pembeni, kila moja kwa kiasi kinacholingana na kuchelewa kwake. Ukiyatazama kwa hadubini utadhani hayakunyooka. Yamepindishwa makusudi ili maandishi yanyooke.

Ukurasa wa A4 kwa nukta 600 una nafasi karibu milioni 35 za nukta. Kila moja ni biti moja: piga, usipige. Kazi ya draiva ni kuzipanga biti hizo upya zifuate mpangilio wa matundu na wakati wake. Kila "1" ni povu moja la moto.

Muundo huo wa matundu 300 bado uko sokoni leo. Zile bunduki za mkono za kuandikia tarehe kwenye chupa za maji na vikombe vya mtindi, nyingi huandika maandishi ya kimo kisichozidi milimita 12.7. Ndiyo nusu inchi ile ile ya mwaka 1995.

Sasa turudi kwenye piezo. Epson walishikilia njia hiyo, na mwaka 1994 wakatoa Stylus Color, nukta 720 kwa inchi, rangi. Piezo haichemshi wino, kwa hiyo kichwa kinadumu. Kikidumu, na kwa kuwa kukitengeneza ni ghali, hakuna sababu ya kukitupa. Kinabaki ndani ya printa, wewe unanunua wino tu. Watu wa Asia wakaanza kutoboa katriji na kuunganisha mirija kutoka kwenye chupa za nje, na Epson wenyewe wakafuata: mwaka 2010 walianza kuuza Indonesia printa yenye matangi ya kujaza. Ndiyo hizo zimejaa saiba zetu sasa, nao wapinzani wao wana zao. Kwa mzazi wa CBC ilikuwa nafuu kubwa, maana picha ya rangi haikuwa tena ya kumfilisi mwenye saiba.

Lakini nafuu hiyo ina bei yake, na Kitengela inaijua vizuri. Sisi tuko kwenye nchi kavu. Kiangazi kikikolea, vumbi la barabara na la machimbo linaingia kila mahali, na joto la bati linakausha. Printa ikimaliza kazi hurudisha kichwa pembeni na kukifunika kwa kifuniko cha mpira ili wino usikauke kwenye matundu. Stima ikipotea katikati ya ukurasa, kichwa kinabaki kilipo, uchi. Ikirudi baada ya dakika kumi hakuna neno. Ikirudi kesho jioni, wino umeganda ndani ya matundu membamba kuliko unywele.

Kwa kichwa kilicho ndani ya katriji, unakifuta na karatasi laini yenye maji ya uvuguvugu, na ikishindikana unanunua kingine. Kwa kichwa cha kudumu, kuziba ni msiba. Bei ya kichwa kipya na ufundi wake inaweza kukaribia bei ya printa.

Mwaka jana nilimsaidia mama mmoja mwenye saiba hapa mjini. Rangi ya samawati ilikuwa imepotea kabisa.

"Mama, usiku unaizimaje?" nikamuuliza.

"Nazima swichi ya ukutani, kijana wangu, mara tu mteja wa mwisho akiondoka. Stima si ya bure."

Hapo ndipo penye kisa. Ukikata umeme ukutani wakati printa haijamaliza kujipanga, kichwa hakijafunikwa. Kila usiku ni kama stima imepotea. Tuliendesha usafishaji mara kadhaa, rangi ikarudi nusu, na zile picha za wanafunzi zikaendelea kutoka na mistari myeupe hadi alipoweka pesa kando kwa fundi. Wiki zile wateja wa rangi walivuka barabara kwenda kwa jirani.

Na kusafisha nako kuna gharama yake. Kila usafishaji unavuta wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya printa. Ndani ya famwea kuna namba inayohesabu wino huo. Ikifika kikomo, printa nyingi zinagoma kabisa, hata kama matundu yote ni mazima. Sponji kweli hujaa, na wino ukifurika utaharibu meza na saketi, kwa hiyo kihesabio kina sababu. Ila ni makadirio tu, hakuna anayepima sponji yenyewe, na njia ya kuirudisha namba kwenye sifuri mara nyingi mwenye printa haelezwi. Anamlipa fundi aifute.

Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapokosa raha. Mwaka 1984 kilichoamua uhai wa kichwa kilikuwa rezista iliyochakaa. Leo wakati mwingine ni mstari wa msimbo. Septemba 2016 printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji za makampuni mengine zilizokuwa zikifanya kazi siku iliyotangulia. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilikiri kwamba haikuwaeleza wateja vizuri, ikatoa famwea ya kuondoa kizuizi kwa waliotaka. Wino ulikuwa ule ule, matundu yale yale. Kilichobadilika ni programu. Anayeandika msimbo wa namna hiyo aelewe kwamba upande wa pili kuna mtu wa Kajiado aliyekopa kwenye chama ili anunue mashine ile.

Basi, kwa wenye saiba na wanaofikiria kufungua, ninayoyapendekeza ni haya. Kama utaprinti kurasa chache kwa wiki, chukua printa yenye kichwa ndani ya katriji, maana itakaa bila kazi na itaziba. Kama unaprinti rangi kila siku, matangi ni sawa, lakini weka UPS hata ndogo, ya kuipa printa dakika moja tu ya kujifunika. Zima kwa kitufe cha printa kwanza, subiri ikae kimya, ndipo uguse ukuta. Ifunike na kitambaa dhidi ya vumbi. Na kama kazi yako nyingi ni maandishi meusi, leza haina matundu ya kuziba.

Mwisho, printi karatasi ya kukagua matundu kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Ni ile yenye ngazi za vimistari vifupi. Kwa kawaida kila kimstari ni tundu moja. Pengo ni tundu lisilopiga. Ukiona mapengo mawili matatu, safisha mara moja, sio mara tano. Na ukiwa na lenzi, vitazame vile vimistari jinsi vinavyoshuka hatua kwa hatua. Ndio mpangilio wote niliousimulia hapa, umechorwa na kichwa chenyewe.

Kila la heri, na stima isipotee.